Kengele ya moto ya jengo lako: ya betri, ya zoni, ya anwani au isiyo na waya?

Umeita mafundi watatu waje kuangalia jengo. Wa kwanza amekuandikia kengele ya zoni, inayotaja sehemu ya jengo penye moto. Wa pili anasema zoni zimepitwa na wakati, chukua ya anwani, inayotaja chumba chenyewe. Wa tatu hataki hata kusikia habari za kuchimba kuta: funga isiyo na waya, siku chache kazi imekwisha. Bei zimeachana mno, na kila mmoja anaapa kwamba wenzake wanakupotosha. Hapo hapo shemeji anakuuliza kwa nini usinunue tu vile vidude vya betri vya kufunga darini.

Wote wanne wanaweza kuwa sahihi, inategemea jengo. Jengo ninaloliwaza hapa ni lile tunalolijua sote: ghorofa mbili hadi tano, fremu za maduka chini, juu vyumba vya kupanga au gesti, jenereta nyuma, mlinzi mmoja usiku. Hoteli, ofisi na bweni la shule vitaingia njiani. Maghala makubwa na viwanda vya kemikali naviacha. Huko anatakiwa mhandisi wa usalama wa moto kabla hujaongea na fundi wa kengele.

## Tupime kwa lipi?

Ukianza na bei utapotea, kwa sababu bei ya siku ya kufunga ni sehemu tu ya gharama. Mimi napima kwa mambo matano.

La kwanza ni mahali. Kengele ikilia, inamwambia mlinzi aende wapi? Hili nalipa uzito kuliko mengine. Saa nane usiku mtu ameamshwa na king'ora, vyumba ni thelathini, milango imefungwa, na dakika za kuuzima moto ungali mdogo ni chache.

La pili ni umeme. Sisi umeme unakatika, na ukirudi mara nyingine unarudi kwa nguvu ya kuunguza vitu. Kiwango cha Uingereza cha BS 5839, ambacho utakikuta kimetajwa kwenye makadirio mengi ya mafundi wetu, kinataka betri za akiba zibebe mfumo kwa saa 24, kisha ziwe bado na nguvu ya kupiga king'ora kwa nusu saa. Kile cha Marekani, NFPA 72, nacho kinaanza na saa 24, ila muda wa king'ora ni dakika 5 kwa majengo ya kawaida. Usikubali fundi akujibu “betri ipo”. Muulize ipo ya saa ngapi, na akuoneshe hesabu.

La tatu ni kengele za uongo. Kengele inayolia ovyo ni hatari kuliko inavyoonekana: baada ya mara ya nne wapangaji wanageukia upande wa pili na kulala, na mara ya sita kuna mtu atapanda kiti aizime.

La nne ni ufungaji wenyewe, yaani kuta zitakazochimbwa na wapangaji watakaosumbuliwa. La tano ni matunzo: mwaka wa sita nani atakuja kuitengeneza, na vipuri atavitoa wapi.

Kuna mambo hayabadiliki, uchague mfumo upi. Jikoni na kwenye chumba cha jenereta hupaswi kuweka kitambuzi cha moshi; weka cha joto, la sivyo kila mchana wa kukaanga samaki jengo zima litatoka nje. Kwa kiwango hicho cha Uingereza, hakuna sehemu ya chumba inayopaswa kuwa mbali zaidi ya mita 7.5 kutoka kitambuzi cha moshi, au mita 5.3 kutoka cha joto. Vile visanduku vyekundu vya kubonyeza viwe karibu na milango ya kutokea, mtu asitembee zaidi ya mita 45 kukifikia kimojawapo. Na king'ora kisikike: desibeli 65 sehemu za kawaida, 75 penye mto wa mtu aliyelala. Hapa ndipo gesti nyingi zinapoanguka. King'ora kipo koridoni, mlango ni wa mbao nzito, feni inazunguka, mgeni amechoka na safari. Kabla hujalipa, ingia chumbani, funga mlango, washa feni, mwambie fundi apige.

## Vidude vya betri vinavyojitegemea

Ndani ya kidude kimoja kuna kitambuzi, betri na king'ora. Tafuta vyenye alama ya EN 14604, kiwango cha Ulaya cha vidude hivi. Vya kisasa vina betri ya lithiamu iliyofungiwa humo humo ya miaka 10, na kidude chote hutupwa muda huo ukifika.

Mahali. Kisichounganishwa na wenzake kinalia pale pale kilipo, na aliye ghorofa ya juu huenda asisikie kitu. Vilivyounganishwa kwa redio vinalia vyote kwa pamoja. Hiyo inawaamsha watu, lakini sasa hujui kipi kilianza. Mpaka ukitafute kile kinachometesha taa kwa kasi.

Umeme. Hapa havina mpinzani. Havijui kama umeme umekatika.

Kengele za uongo. Vingi vina kitufe cha kunyamazisha kwa muda, na vikiwekwa mbali na jiko vinatulia. Tatizo ni vile vya betri ya volti 9 ya kubadilisha. Betri ikikaribia kuisha kidude kinapiga mlio mfupi kila baada ya muda, usiku kucha, mpaka mtu anaitoa. Haiwekwi nyingine. Ile nyingine ukiinunua, kuna maikrofoni ya kwaya inayoihitaji.

Ufungaji. Ngazi na skurubu mbili.

Matunzo. Hayahitaji fundi, na huo ndio udhaifu wake pia. Hakuna paneli, yaani kile kisanduku kikuu kinachopokea taarifa za vitambuzi vyote, kwa hiyo hakuna pa kuangalia ujue kwamba kidude cha chumba namba 9 kiling'olewa mwezi uliopita.

Vinamfaa mwenye nyumba ya familia, mpangaji ndani ya nyumba yake, mwenye duka dogo au nyumba ya likizo anayeishi karibu. Kwa gesti au bweni havitoshi peke yake, hata kama bei inakutamanisha.

## Kengele ya zoni

Jengo linagawanywa vipande. Kila kipande kina waya wake unaotoka kwenye paneli, vitambuzi vimeningʼinizwa juu yake, na mwisho kabisa kuna rezista ndogo ambayo paneli inaitumia kujua kwamba waya haujakatika. Kitambuzi kikinusa moshi, umeme unaopita kwenye waya ule unaongezeka, na taa ya zoni ile inawaka. Paneli za kawaida zina zoni 2, 4 au 8, kubwa zaidi zipo.

Mahali. Paneli inasema “Zoni 3”, basi. Kama zoni 3 ni ghorofa ya pili yenye vyumba kumi, mlinzi atapanda akaanze kunusa mlango hadi mlango. Ndiyo maana kiwango kile cha Uingereza kinazuia zoni isizidi mita za mraba 2,000, na isivuke ghorofa isipokuwa jengo lote ni dogo, chini ya mita za mraba 300. Kuna dawa rahisi ambayo mafundi wengi hawaitaji mpaka uulize: taa ndogo nyekundu juu ya kila mlango, iliyounganishwa na kitambuzi cha ndani. Mlinzi anafika koridoni, anaona mlango gani. Inaongeza waya, lakini inaifanya zoni ikaribie anwani kwa fedha kidogo. Na bandika ramani ya zoni kando ya paneli, kwa Kiswahili kinachosomeka: “Zoni 3: ghorofa ya pili, upande wa barabarani.”

Umeme. Paneli inabeba betri mbili za volti 12, za aina ile ile inayouzwa kwa ajili ya UPS za ofisini. Ukiwa Mbeya au Kisumu utazipata. Zinachoka baada ya miaka michache, kwa hiyo ziandikwe tarehe kwa kalamu siku zinapowekwa.

Kengele za uongo. Paneli inajua mambo mawili tu, kimya au moto. Haitofautishi moshi na vumbi la ukarabati, wala kumbikumbi wa mvua za kwanza aliyejipenyeza ndani ya kitambuzi. Kinga yake ni usafi: vitambuzi vifunguliwe na kupulizwa kila fundi anapokuja.

Ufungaji. Waya mwingi. Kila zoni inarudi kwenye paneli kivyake, na ving'ora vina waya wao. Jengo likiwa bado linajengwa hili si neno, mabomba yanapita kabla ya lipu. Jengo likiwa limekaliwa, jiandae na vumbi au na mifereji ya plastiki ukutani. Waya wenyewe uwe ule unaostahimili moto, mara nyingi wenye ganda jekundu. Fundi anayekuletea waya wa taa za kawaida, mlipe nauli aende.

Matunzo. Fundi yeyote wa umeme aliye makini, mwenye mita ya mkononi, ataielewa. Kitambuzi kikifa unaweza kuweka cha kampuni nyingine kinachoendana. Waya ukikatika paneli itataja zoni, halafu utatembea na mita mkononi mpaka uupate ulipokatika. Inachosha, lakini inafanyika bila kumwita mtu kutoka mji mwingine.

Inamfaa mwenye ofisi ya ghorofa mbili, shule yenye madarasa yanayoonekana, ukumbi, msikiti au kanisa, gesti ya vyumba kumi na vitano au ishirini. Na inamfaa sana aliye mbali na miji mikubwa.

## Kengele ya anwani

Hapa waya unatoka kwenye paneli, unazunguka jengo, unarudi kwenye paneli. Mafundi wanauita lupu. Kila kifaa kilicho juu yake kina namba yake, na paneli inaviuliza kimoja kimoja, muda wote: uko salama? uko salama? Lupu moja hubeba vifaa zaidi ya mia moja.

Mahali. Skrini inaandika “Chumba 304, ghorofa ya tatu”. Inaandika hivyo iwapo kuna mtu aliyekaa akayaingiza maneno hayo. Nimeshaona mapokezini kwa hoteli moja paneli ya fedha nyingi iliyokuwa ikiandika “Kifaa 047” na hakuna hata mmoja wa zamu aliyejua 047 ni wapi. Orodha ilikuwa kwa fundi, na fundi alishaacha kazi kwenye kampuni iliyomleta. Mfumo wa anwani usioandikwa majina ni mfumo wa zoni wa bei ghali. Maneno hayo pia si lazima yawe Kiingereza. Kama anayelala zamu anasoma Kiswahili, andikisha “Stoo ya jiko”.

Umeme. Betri kama za zoni, ila zipigiwe hesabu, maana vifaa ni vingi zaidi. Kadi za ndani ya paneli hazipendi umeme unaorudi kwa kishindo, na kadi moja ikiungua ni fedha nyingi na subira ya kuagiza. Kifaa cha kuzuia mishtuko ya umeme kiwemo kwenye makadirio tangu mwanzo.

Kengele za uongo. Hapa ndipo inapojilipa. Kitambuzi hakisemi tu “moto”. Kinatuma kipimo cha kile kinachokiona, na paneli ndiyo inayoamua. Vumbi likijaa taratibu kwa miezi, paneli nyingi zinalifidia, kisha zinakuambia kitambuzi fulani kimechafuka kabla hakijaanza kulia. Unaweza pia kuviweka vingine viwe vikali zaidi usiku kuliko mchana.

Ufungaji. Waya ni mchache kuliko wa zoni kwa jengo lile lile, kwa sababu kila kitu, ving'ora vikiwemo, kinaweza kukaa kwenye lupu. Ukikatika sehemu moja, paneli inaendelea kuongea na vifaa kutoka pande zote mbili. Lakini kila kifaa ni ghali, na baada ya waya inabaki kazi ya kompyuta: kuipanga paneli, nani alie, lifti ishuke chini, viyoyozi vizime, milango ya sumaku ijiachie.

Matunzo. Soma sehemu hii mara mbili kabla ya kusaini. Kuna paneli zinazokubali vitambuzi vya watengenezaji kadhaa, na kuna zilizofungwa, zinazotambua vifaa vya kampuni yake tu na kupangwa na wakala wake tu. Zilizofungwa si mbaya. Nyingi ni imara sana. Ila ukiisha kuifunga umeoana na wakala. Akihama, akipandisha bei, akichelewa kuja, huna pa kwenda. Kwa hiyo uliza mapema: nenosiri la paneli litabaki kwangu? Nitapewa faili la mpangilio na michoro ya lupu siku ya makabidhiano? Kuna wakala mwingine nchini anayeweza kuihudumia? Anayekwepa maswali hayo leo hatayajibu mwaka wa sita.

Inamfaa mwenye hoteli, hospitali, jengo la wapangaji wengi wenye milango iliyofungwa, au jengo lenye lifti na viyoyozi vinavyotakiwa kuitikia moto. Ukizidi ghorofa nne, au vyumba arobaini hivi, waombe mafundi wakupigie hesabu ya zoni na ya anwani zote mbili, waya ukiwemo. Wakati mwingine tofauti ni ndogo kuliko inavyosemwa.

## Isiyo na waya

Ni kengele ya anwani ambayo vifaa vyake vinaongea na paneli kwa redio. Paneli imechomekwa umeme na ina betri zake. Kila kitambuzi kina betri ndani. Alama ya kutafuta ni EN 54-25, kiwango cha Ulaya cha kengele za redio. Mahali na kengele za uongo hesabu ni ile ile ya anwani, kwa hiyo nakwenda kwenye tofauti.

Umeme. Kiwango kinataka betri ya kifaa idumu angalau miezi 36, na paneli ikuonye walau siku 30 kabla haijaisha. Matangazo yataahidi miaka mingi zaidi, na huenda ikawa hivyo, lakini panga bajeti kwa ile miezi 36. Vifaa sitini vikianza kudai betri mwaka mmoja, tena za lithiamu za aina maalumu ambazo duka la kona halina, ndipo utakapojua gharama yake.

Ufungaji. Hakuna inayoifikia. Hoteli yenye wageni inafungwa chumba kwa chumba, wageni wakiwa ufukweni. Mji Mkongwe wa Zanzibar ndio mfano unaoonesha raha yake na karaha yake kwa pamoja. Mji umo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000, huwezi kuamka ukachimba kuta upitishe waya. Basi redio inaonekana ndiyo jibu. Lakini kuta zenyewe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, na zinameza mawimbi. Zege yenye nondo nyingi na shimo la lifti vinafanya vivyo hivyo. Kwa hiyo kabla ya kulipa hata senti, fundi apite na kifaa cha kupimia nguvu ya mawimbi, kila chumba, milango imefungwa, akupe matokeo kwa maandishi. Anayesema “itashika tu” amekuja kuuza.

Matunzo. Wakala tena, kama anwani, pamoja na jambo la ziada: kifaa cha redio kinatakiwa kiwe kimeidhinishwa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA kwa Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Ulichokiagiza mwenyewe mtandaoni huenda kisiwe na idhini hiyo.

Inamfaa mwenye jengo la kihistoria, hoteli inayofanya kazi, jengo la muda, au mrengo mmoja wa jengo lenye waya kwingineko. Huo mchanganyiko, lupu ya waya kwa sehemu kubwa na redio pale pasipopitika, unatolewa na watengenezaji kadhaa na unastahili kuulizwa.

## Ukiwa katika hali hii

Unajenga sasa hivi, lipu bado? Pitisha waya. Redio haina sababu kwako. Kwa Tanzania, michoro ipite Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kabla ya mabomba kufukiwa. Kwa Kenya, sehemu ya kazi ina pia Kanuni za Kupunguza Hatari za Moto za 2007, zinazotaka ukaguzi na zoezi la kutoka nje kila mwaka.

Una gesti ya vyumba ishirini na bajeti imebana? Zoni, pamoja na taa juu ya milango. Usijinyime taa ili ununue paneli kubwa.

Una hoteli ya ghorofa tano mjini, wakala wawili au watatu wanapatikana? Anwani, na mkataba wa kuihudumia kila miezi sita ulioandikwa kabla ya ununuzi.

Una bweni? Zoni inatosha kwa bweni moja. Shule yenye mabweni mengi yaliyotawanyika itafaidika na anwani. Lakini anza na mlango. Kyanguli, Machakos, Machi 2001, walikufa wanafunzi 67 kwenye bweni ambalo mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana nondo. Septemba 2024, Hillside Endarasha, Nyeri, wavulana 21. Kama bweni lako linafungwa kwa kufuli kutoka nje, pesa ya kengele iende kwanza kwenye milango inayofunguka kwa ndani na kwenye kukata nondo, kisha urudi kwenye paneli.

Mlinzi wako ni mmoja na hajawahi kugusa paneli? Chagua mfumo ambao yeye ataweza kuusoma, hata kama si wa kisasa kuliko yote, na mfundishe: anyamazishe lini, asinyamazishe lini, na kwamba kengele nyingi hazimpigii mtu simu, zimamoto ataita yeye. Namba ni 114 Tanzania, 999 au 112 Kenya. Kila wiki abonyeze kisanduku kimoja, wiki inayofuata kingine, aandike kwenye daftari.

Umeshafungiwa na fundi anadai hela iliyobaki? Tembea naye kila chumba, inua macho. Vitambuzi vipya huja na vifuniko vya plastiki vya kuzuia vumbi la ujenzi, na vinasahaulika darini zaidi ya unavyodhani. Paneli itaonesha kijani, na kitambuzi hakitanusa kitu. Vitolewe vyote, moshi wa majaribio upulizwe kwenye kila kimoja, ndipo umlipe.

Na kama umekwama kati ya zoni na anwani kwa jengo litakaloongezwa ghorofa baadaye, funga zoni leo, ila mwambie fundi waya wa kila zoni autoe kwenye paneli na aurudishe hadi kwenye paneli, rezista akaifunge hapo. Siku ukiwa na fedha utabadilisha paneli na vitambuzi, kuta hutazigusa.